Dawa ya homa ya alfajiri: maradhi ya nasari yanatoka wapi hasa?

#1 TichaMshomoroni
Hamjambo wazazi na walimu wenzangu. Mimi ni mwalimu wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, huku Kisauni, nina watoto 34 kwenye rejista. Jumatatu walikuja 31, leo Alhamisi wamekuja 19. Wengine homa na kikohozi, wengine wanaharisha, wawili macho mekundu. Ofisini naambiwa wazazi wanalalamika kwamba shule ni chafu. Nataka niseme nilichokiona.

Jumatatu hiyo aliletwa mtoto mmoja, tumwite Kadogo. Kapakwa mafuta, kachanwa nywele, soksi nyeupe pepe. Saa mbili anaimba kuwashinda wote. Saa nne na nusu, wakati wa uji, nikamwona ameweka shavu mezani na kikombe hajakigusa. Nikamshika shingoni, anachoma. Nikampigia mamake, akasema, "Mwalimu, asubuhi alikuwa mzima kabisa." Nikafungua mkoba nitoe sweta. Chini ya daftari kulikuwa na chupa ndogo ya dawa ya homa, imebaki nusu, na karatasi iliyokunjwa mara nne: "Ticha saa sita mpe kijiko kimoja."

Meza yake wanakaa sita. Kufikia jana wanne hawakuja.

Dai langu: maradhi haya hayatoki kwenye uchafu wa shule. Yanatoka kwenye kijiko cha dawa anachopewa mtoto saa kumi na mbili asubuhi ili apite mlangoni. Nakosea?

#2 MamaHanifa
Mwalimu, kwa heshima zote, umekosea nusu. Mwanangu alikuwa nasari moja, sitaitaja, karo wanataka kabla tarehe tano. Siku moja nilikwenda mapema kumchukua nikakuta wanaoshwa mikono. Beseni moja, la samawati, liko chini. Wamepanga foleni, kila mmoja anatumbukiza mikono, anaitoa, anafuta kwenye taulo moja iliyotundikwa msumarini. Nilisimama pale nikaangalia mpaka mwisho. Maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa. Mtoto wa mwisho alikuwa msichana mdogo sana, akatumbukiza mpaka viwiko kisha akaenda kula.

Huyo wa mwisho hakunawa. Amechota ya wenzake wote. Nilimtoa mwanangu muhula ule ule.

#3 KusiNaKaskazi
Wanangu, nna miaka sabiini na moja, nimezaliwa Likoni na nimelea watoto wanane. Kila mwaka kusi likianza kuvuma na mvua ya mwaka ikiingia, watoto wakohoa. Wa nasari wakohoa, wasiokwenda nasari wakohoa. Mtoto yuwalala wazi, dirisha li wazi, upepo wa bahari wampiga kifuani. Mamangu alikuwa akitupaka mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, kifua na nyayo, na hatukuwa na hizi sanitaiza. Msiwalaumu mama wala mwalimu, ni upepo.

#4 BabaPacha
Mzee wangu shikamoo. Lakini hao wanane ulikuwa ukiwapandisha tuktuk?

Nina pacha, miaka mitano. Tuktuk inawachukua Bombolulu. Nimehesabu mwenyewe asubuhi ya mvua: watoto kumi na mmoja, wakubwa wamepakata wadogo, na dereva ameshusha turubai pande zote wasilowe. Ndani hakuna hewa, vioo vimeingia ukungu wa pumzi zao. Wanakaa hivyo dakika arobaini. Wakifika shuleni wakanawa kwa sabuni ya dhahabu haitasaidia, wameshapumuliana.

Mwalimu, waulize hao wanne waliobaki nyumbani wanapanda tuktuk gani. Huenda jibu lako haliko mezani.

#5 NesiMakupa
Salaam. Mimi ni muuguzi, nimekaa kliniki ya watoto miaka kumi na minne. Niguse mambo matatu.

Mwalimu, hesabu yako ya siku imenitia shaka. Kadogo kaugua Jumatatu, wenzake wamelala Jumatano. Yawezekana kwa homa ya mafua, lakini kuna virusi vingi vinavyochukua siku nne tano kabla ya kujitokeza. Na mtoto huanza kuambukiza kabla hajaonyesha chochote. Huenda yeye na wenzake wote walipata Ijumaa kwa mtoto mwingine ambaye wala hakuugua sana. Kadogo alikuwa wa kwanza kuonekana, si lazima awe wa kwanza kuleta.

Mzee wangu #3, mafuta ya nazi hayana neno, mpake mjukuu alale vizuri. Ila kuna virusi vinaitwa RSV, ndivyo vinavyowabana vifua watoto wachanga. Kilifi hapo vimefuatiliwa kwa miaka na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na kwa kawaida vinapanda kuanzia mwisho wa mwaka mpaka miezi ya mwanzo, yaani wakati wa kaskazi, jua linapochoma. Kama ni baridi ya kusi, mbona hivi vinakuja na joto?

La tatu linanikaa moyoni. Watafiti hao hao walifuatilia nyumba kule Kilifi na wakaona mara nyingi anayekiingiza kirusi hicho nyumbani ni ndugu mkubwa anayesoma. Yeye anapata kamasi tu. Mdogo wake wa miezi mitatu ndiye anayelazwa, anavuta pumzi mbavu zikibonyea. Kwa hivyo tukisema "ni mafua tu ya nasari" tukumbuke nani yuko nyumbani.

#6 ZamuYaUsiku
Nimesoma #1 mara mbili. Mwalimu, karatasi ile ingeweza kuwa yangu.

Nafunga mizigo godauni, Changamwe. Nalipwa kwa siku. Nisipokwenda leo sina leo, na nikikosa mara mbili msimamizi anachukua mwingine, langoni wamesimama kumi wakisubiri. Mamangu yuko Kaloleni, baba wa mtoto hayupo. Jirani aliyekuwa akinishikia mtoto amepata kazi. Kwa hivyo saa kumi na moja alfajiri mtoto ana joto, nakaa kitandani na chupa mkononi nikiwaza. Najua si sawa. Nampa kijiko, naomba Mungu ifike jioni.

Siwatetei wanaoficha. Lakini msione tunafanya kwa kupenda. Mtoto wangu anaumwa, na mimi niko Changamwe nanyanyua magunia nikimuwaza.

#7 TichaMshomoroni
@ZamuYaUsiku pole dadangu, umenifunga mdomo. Nilipoandika sikuwaza hivyo. Ila niambie, kwa nini karatasi ilikuwa chini ya daftari? Angeniambia mlangoni ningemweka karibu yangu, mbali na wenzake, ningempa maji. Kilichoniumiza ni kufichwa.

#8 ZamuYaUsiku
Kwa sababu mlangoni mtamrudisha.

#9 Mwanapwani_Tudor
Hapo #8 ndipo penyewe.

Na tusisahau mabuyu. Nimemwona mwanangu akimung'unya buyu mpaka rangi nyekundu imeisha, akalitoa mdomoni akampa rafiki yake amalizie, rafiki akalipokea kwa furaha. Na barafu za vifuko, mmoja ananyonya huku, mwengine kule.

#10 MtuWaTanga
Jamani majirani, habari za huko. Nimecheka #9, Tanga ni yale yale, ubuyu mmoja midomo mitatu.

Kuhusu beseni la #2, huku kwetu shule nyingi zisizo na bomba zinatumia kibuyu chirizi. Dumu la lita tano linatobolewa tundu dogo karibu na mdomo, linaning'inizwa kwenye fito kwa kamba. Kamba nyingine inatoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti kilicholala chini. Mtoto anakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika, mikono haigusi kitu. Sabuni ya kipande inatobolewa katikati inafungwa kamba pembeni, isianguke mchangani. Maji yanayotumika ni kidogo sana na kila mtoto anapata mapya. Watoto wanapenda kukanyaga, mpaka unawafukuza.

#11 FundiBomba
@MtuWaTanga hilo ni zuri, lakini maji gani?

Watu wa Mombasa mnazungumza kunawa kana kwamba mfereji unatoka kila siku. Maji yetu yanatoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho, Marere, Tiwi. Hakuna hata kimoja kilicho ndani ya kaunti yetu. Yakikatika huko sisi tunakauka. Mimi naunga mabomba, naingia mashuleni. Nasari nyingi zinanunua mitungi kwa mkokoteni, ya lita ishirini, au wanachota kisima cha chumvi. Maji ya kununua yanawekwa kupikia uji. Ya chumvi ndiyo ya mikono na choo.

Na maji ya chumvi hayakubali sabuni ya kipande. Mtoto anasugua, povu halitoki, anaona sabuni mbovu, anasuuza anaondoka. Jaribuni sabuni ya maji, ile ya kuoshea vyombo, inatoa povu hata kwa chumvi. Nimeona shule moja ya Utange wanaichanganya na maji kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa. Inakaa wiki mbili.

Kwa hivyo mimi nasema ni maji. Mengine yote yanafuata.

#12 BintiKibokoni
Si afadhali sanitaiza basi? Haihitaji maji. Mwanangu namfungia kichupa kwenye mkoba.

Na darasa likipigwa jiki kila Ijumaa vijidudu vyote kwisha. Sisi ofisini tunatia kofia moja kwa ndoo.

#13 NesiMakupa
@BintiKibokoni sanitaiza inafaa kwa virusi vya mafua kama mkono hauna uchafu wa kuonekana. Kwa vya kuharisha kama norovirusi haina nguvu ya kutosha, hapo ni maji na sabuni. Na kichupa kisikae kwenye mkoba wa mtoto wa miaka minne. Ni pombe kali, wanailamba.

Kofia moja kwa ndoo ni harufu tu. Soma lebo kwanza, nguvu zinatofautiana. Kama imeandikwa klorini asilimia 3.5, kwa meza na vitasa ni kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe 34 vya maji. Mtoto akitapika au akiharisha darasani ni kikombe kimoja kwa vikombe sita, na kwanza ufute uchafu wote kwa karatasi, kwa sababu klorini inamalizwa na uchafu kabla haijafika sakafuni. Acha dakika kumi ndipo upanguse. Changanya mpya kila siku, ya jana imeshapungua nguvu. Usichanganye kabisa na dawa ya choo, moshi wake unaunguza mapafu. Na Ijumaa peke yake haitoshi, meza ya uji ni kila siku.

Fundi #11, asante kwa habari ya sabuni, sikuwa nikijua na nimefanya kazi hii miaka yote.

#14 MamaHanifa
@ZamuYaUsiku nimekuwa nikifikiria neno lako tangu asubuhi. Samahani kama nilisikika kama mtu aliye na pa kumpeleka mtoto wakati wowote. Mimi nina dada nyumbani. Si wote.

#15 Mwanapwani_Tudor
Na hayo macho mekundu ya watoto wawili mwalimu? Mwaka 2024 mwanzoni si mnakumbuka, Pwani nzima ilikuwa imevimba macho. Kwetu tuliugua saba kwa zamu. Nyanyangu aliyaita Apolo. Akasema yaliletwa na wale waliokwenda mwezini, wakarudi na vumbi lake.

#16 KusiNaKaskazi
Apolo naikumbuka. Tulitiwa maziwa ya mama machoni na ikaondoka.

#17 DaftariLaZamani
@Mwanapwani_Tudor nyanya yako ana ukweli kidogo ndani. Jina lilianzia Ghana mwaka 1969, maradhi ya macho yalipolipuka Accra wakati ule ule chombo cha Apollo 11 kilipokwenda mwezini. Watu wakaunganisha mambo mawili. Vumbi la mwezi halikuhusika. Baadaye kilipatikana kirusi cha jamii ya entero, na kinapita kwa mikono, taulo na mito.

#18 NesiMakupa
Na @KusiNaKaskazi, mzee wangu, iliondoka kwa sababu huondoka yenyewe baada ya wiki moja au mbili. Maziwa ya mama tumwachie mtoto anyonye. Nimepokea watu waliotia chai ya rangi, chumvi, hata mkojo, na jicho likaharibika kwa dawa badala ya ugonjwa. Maji safi yaliyochemshwa yakapoa, pamba mpya kwa kila jicho, basi. Likiuma sana au mtoto haoni vizuri, aende hospitali siku hiyo hiyo.

#19 MkeWaUstadh
Hakuna aliyetaja madrasa. Watoto wetu wanatoka nasari saa sita, wanakula, wanalala kidogo, saa nane wako chuoni. Wanakaa mkekani goti kwa goti, wanasoma kwa sauti, na ukisoma herufi za koo kwa watoto arobaini mate yanaruka. Kisha birika moja la maji na kikombe kimoja cha plastiki kimefungwa mnyororo.

Mume wangu anasomesha. Mwaka jana aliondoa kile kikombe, kila mtoto aje na chupa yake. Wazazi wengine walinung'unika kwamba ni gharama. Alichosema ni kwamba mtoto anayefundishwa udhu hawezi kushindwa kufundishwa kikombe chake. Wanatia udhu vizuri sana watoto wale, mpaka katikati ya vidole, kwa maji ya kumiminwa. Basi kwa nini shuleni wawekewe beseni?

#20 BabaPacha
@MkeWaUstadh mwambie ustadh namsalimia. Hilo la udhu nitalipeleka kwenye mkutano wa wazazi.

#21 ShangaziWaJomvu
Mimi nitasema la wazee na msinikasirikie. Mtoto akikohoa wiki tatu, nne, dawa haisaidii, huyo ana kimeo. Kimening'inia kinamkuna kooni. Kwetu kulikuwa na mzee anakikata, mtoto anapona. Na mengine ni jicho la watu. Mtoto anavishwa soksi nyeupe pepe, anapakwa mafuta, kila mtu anamtazama langoni bila kusema mashallah, saa nne ameshaanguka. Mwalimu mwenyewe ameeleza hivyo.

#22 Bahari_na_Mchanga
Shangazi, kwa heshima. Mpwa wangu alikatwa kimeo akiwa na miaka miwili. Alitoka damu usiku kucha. Tulimpeleka hospitali ya mkoa saa tisa za usiku, dadangu amemshika kwenye leso na leso yote imelowa. Alipona kwa rehema za Mungu, lakini alitiwa damu chupa mbili. Na kikohozi kilikuwa pumu. Sitanyamaza juu ya jambo hilo.

#23 NesiMakupa
Bahari, poleni sana. Kimeo kila mtu anacho na hakisababishi kikohozi. Kukikata kwa wembe kunaleta kutokwa na damu, usaha, pepopunda. Kikohozi kikipita wiki mbili mtoto apimwe: pumu, kifua kikuu, kitu kilichokwama kwenye njia ya hewa. Kifua kikuu hasa kama kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa.

Shangazi, mashallah tuseme, dua tusome, na mtoto tumpeleke kliniki. Havigombani.

#24 ShangaziWaJomvu
La damu limenitisha, sikuwahi kulisikia. La jicho nabaki nalo.

#25 KinarasWaBamburi
Nyinyi mnawalea watoto kama mayai. Waacheni wachezee mchanga, waambukizane, wajenge kinga. Sisi tulikula maembe yaliyoanguka chini na tuko hapa. Mtoto wa nasari kuumwa mara sita saba kwa mwaka ni kawaida, daktari mwenyewe aliniambia. Mwaka wa pili hawaugui.

#26 MamaSeliMundu
@KinarasWaBamburi hilo la mara sita saba ni kweli, nami nimeambiwa hivyo. Lakini nisikilize kaka yangu.

Binti yangu ana miaka minne, ana seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Yuko PP1, anapenda shule kuliko kitu chochote, analala na mkoba. Kila asubuhi na kila jioni anakunywa penisilini kwa sababu wengu lake halifanyi kazi inavyotakiwa, kijidudu ambacho mwanao anakipiga kikohozi siku mbili kwake kinaweza kuingia kwenye damu. Akipata joto sina cha kusubiri. Naacha chungu jikoni, tunakwenda. Mwezi wa tatu tumelazwa siku tisa. Aliniuliza kwa nini wenzake wanapata mafua na wanabaki nyumbani kwao na yeye anapata mafua analala hospitali.

Kwa hivyo mtoto wako anajenga kinga, na wangu yuko meza hiyo hiyo. Huku Pwani watoto wa namna yake si wachache, wengine wazazi hawajawapima hata hawajui. Sikuombi umfungie wako ndani. Nakuomba akiwa na joto mbaki naye. Na @ZamuYaUsiku, wewe sikulaumu, najua kulipwa kwa siku. Mwambie tu mwalimu, ili binti yangu ahamishwe meza.

#27 KinarasWaBamburi
Dada, nisamehe. Sikuwaza watoto wa namna hiyo. Mungu amtunze binti yako.

#28 TichaMshomoroni
@MamaSeliMundu nimelia. Kesho naandikia wazazi wote waniambie kwa siri ni mtoto gani ana nini. Nina watoto 34 na sijawahi kuuliza.

#29 BintiKibokoni
Tuseme basi mtoto akae nyumbani siku ngapi? Shule ya mwanangu tetekuwanga walisema wiki tatu, na ndugu zake wote wasije. Karo nimelipa!

#30 NesiMakupa
Wiki tatu ni muda ambao mtu aliyekaribiana naye anaweza kuchukua kabla ya kutoka malengelenge, kati ya siku kumi na ishirini na moja. Si muda wa mgonjwa kukaa ndani. Mgonjwa anakaa mpaka malengelenge yote yakauke yafanye magamba, mara nyingi siku ya tano au sita. Ndugu wazima waende shule. Na tetekuwanga inaambukiza siku moja mbili kabla ya kipele cha kwanza, kwa hivyo ukimwona tayari kapita.

Homa: arudi akiwa amemaliza siku nzima bila joto na bila dawa ya joto. Dawa ile inashusha kwa saa nne hadi sita, ndiyo sababu ya saa nne na nusu ya mwalimu. Kuharisha: siku mbili baada ya choo cha mwisho kibaya, ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, na zinki apewe, zinki siku kumi hadi kumi na nne hata kama ameacha. Surua ni jambo jingine, hilo hospitali ijulishwe mara moja. Na angalieni kijitabu cha kliniki. Chanjo ya surua ya pili ni miezi 18, wengi wanaisahau kwa sababu mtoto ameshaanza kutembea na mama ameshaacha kliniki.

#31 DaktariWaMtaani
Mimi mwanangu akianza tu kamasi namnunulia antibayotiki kemisti, tatu kwa siku, siku mbili anakuwa sawa naacha. Hakosi shule.

#32 Bahari_na_Mchanga
Nesi atakujia huyo.

#33 NesiMakupa
Najia kwa upole. Kamasi ni virusi, antibayotiki haiviui. Anapona siku ya pili kwa sababu angepona. Unachofanya ni kuwafundisha bakteria wa tumboni na kooni mwake kuizoea dawa. Siku akipata nimonia ya kweli dawa hiyo hiyo haitamkamata. Tafadhali acha.

#34 Mwanapwani_Tudor
Na mbu je? Mnakumbuka chikungunya ya mwisho wa 2017 kuingia 2018, mtaa mzima unatembea umejipinda kama vikongwe. Huyo mbu anauma mchana, watoto wakiwa darasani. Na anazaa kwenye maji safi yaliyotuama. Nimepita nasari moja jirani yangu, yale madumu ya kunawia ya wakati wa korona bado yako langoni, yamejaa maji ya mvua, ukiyatikisa viluwiluwi vinacheza. Yaliwekwa watoto wasiugue, shule zilipofunguliwa Januari 2021. Labda homa za mwalimu hazihusiani na kamasi kabisa.

#35 FundiBomba
Nilisema ni maji, sasa yamekuwa maji mara mbili. Dumu lifunikwe au lipinduliwe Ijumaa.

#36 BintiKibokoni
Hii yote Wizara ya Elimu iko wapi? Tuwaandikie.

#37 DaftariLaZamani
Nasari ni ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiweka elimu ya chekechea chini ya serikali za kaunti. Ukiandika barua, iandikie kaunti, na taja choo na maji kwanza.

#38 ZamuYaUsiku
Barua ziandikwe. Lakini mnisaidie hili moja: mtaani kwetu tuko kina mama watano tunaolipwa kwa siku. Tumezungumza jana kwenye foleni ya maji. Tunataka tupeane zamu, mtoto wa yeyote akiwa na joto, mmoja anabaki naye, wengine wanne wanamchangia nusu ya alichokosa. Tatizo ni mmoja wetu ana mchanga wa miezi miwili, na nimesoma #5. Sijui tufanyeje naye.

#39 NesiMakupa
Huyo mwenye mchanga asipewe zamu na wagonjwa wasiingie kwake. Achangie pesa tu. Na chumba kiwe na dirisha wazi.

#40 KusiNaKaskazi
Dirisha wazi, kisha mwasema si upepo.

#41 TichaMshomoroni
Leo Jumanne. Wamekuja 27. Kadogo karudi. Mamake alisimama mlangoni mpaka watoto wengine wakapita, kisha akanipa karatasi, mkononi safari hii: "Jana usiku alikuwa na joto kidogo. Asubuhi sijampa dawa. Ukiona linapanda nipigie, dadangu atakuja saa saba." Nilimketisha dirishani, peke yake na vitabu vya picha. Mpaka wanatoka joto halikupanda.

@BabaPacha niliuliza. Kati ya wale wanne, watatu wanapanda tuktuk moja, na Kadogo hayumo. Wa nne anatembea. Kwa hivyo sijui tena.

Beseni tumelitoa. Fito tumesimamisha mbili nyuma ya choo, kamba zipo, sabuni ya maji tumenunua. Aliye karibu na Mshomoroni mwenye madumu ya lita tano matupu, tunahitaji sita.

#42 KusiNaKaskazi
Mimi niko Likoni lakini mjukuu wangu yuwavuka feri kila siku. Nna manne, yalikuwa ya mafuta ya kupikia. Nitayaosha kwa maji ya moto nimpe Alhamisi. Na bado nasema ni kusi.